Timazi Haina Nywila

Barua ya manispaa ilifika Jumanne,
theluji imeziba mlango wa ghala.
Kuanzia mwezi wa nne, zabuni ya shule au zahanati
haitapokelewa kwa karatasi.
Jengo litangulie kusimama ndani ya kompyuta,
kila bomba na rangi yake, kila nondo na namba yake.

Baba aliisoma amesimama.
Kisha akaifungia misumari.

Wiki ya pili akapiga simu mtu wa bima, sauti laini kama siagi:
"Bwana Kerkelä, bila picha za kila siku, zenye saa na tarehe,
ada yako itapanda."
Halafu muuza saruji akaacha kutoa stakabadhi.
Halafu Hautala wa ng'ambo ya mto,
aliyejifunza kushika mwiko mkononi mwa baba,
akanunua droni.
Ikawa inazunguka juu ya mji wa Oulu, juu ya paa letu lisilokwisha,
kama mwewe asiye na haraka.

"Timazi," alisema baba, "haijawahi kuniomba nywila.
Naining'iniza, inasema kweli, naikunja, natia mfukoni."

Sikumjibu. Mimi ndiye mtunza hesabu.
Lisilo budi hutendwa, ndiyo,
lakini budi hii ilikuwa ya nani?

Benki walinikopesha upesi kuliko nilivyotaka:
kishikwambi kimoja,
programu isiyouzwa, unaipanga kwa mwezi kama chumba,
na Eetu, mwalimu wa siku mbili,
viatu vyake havijawahi kukanyaga zege bichi.

Baridi ilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kioo hakitambui glavu.
Baba, ambaye vidole vyake hujua unyevu wa tofali kwa kuligusa,
aliinama akabonyeza kwa pua.
Mafundi walicheka. Naye akacheka, wa mwisho,
machozi yakamgandia kwenye kope.

Mwezi wa tatu kile kioo kilitia alama nyekundu:
bomba la maji taka linapita katikati ya boriti.
Kwenye karatasi tungeligundua mwezi wa saba,
nyundo mkononi, ukuta umeshakauka.
Baba alinyamaza kikombe kizima cha kahawa.

"Hilo," akasema, "nisingeliona."

Akavaa kofia, akafika mlangoni, akarudi.
"Inkeri, andika humo ndani kwamba nilisukumwa.
Sikatai. Iandikwe tu."

Nilitafuta.
Kuna nafasi ya halijoto, ya saruji iliyotumika,
ya majina ya wasiofika kazini.
Ya hilo haipo.

Sasa kila saa kumi, giza limeshaingia,
napiga picha ya ukuta, naituma kwa watu wa bima.
Hawajauliza bado
ule uzi mwembamba pembeni ni wa nini,
na pande la risasi mwisho wake,
limetulia.