Usiguse Hapa

Kompyuta ya ghala letu hapa Newala
haijui kipanya. Ina kioo cheusi, herufi za kijani,
na mwaka kwake ni tarakimu mbili tu,
hivyo mzee Chitanda, wa arobaini na moja,
inamhesabu mtoto ambaye bado hajazaliwa.
Inamlipa hivyo hivyo. Kila Novemba, kilo kwa kilo.

Majina inayakata kwenye nafasi ya kumi.
Somoe Nankanga ni SOMOE NANK
mwaka wa ishirini na mbili sasa;
akiitwa hivyo dirishani huitika,
hucheka, hutia dole gumba.

Jumatatu akaja kijana wa mfumo mpya, Lwitiko,
kishikwambi kwapani, vumbi la Masasi viatuni.
Mfumo wake unaishi hewani.
Mkulima hajafika nyumbani, ujumbe umeshaingia kwenye simu.
Ni mzuri, sitaki kusema uongo. Niliutamani
kama anavyotamani gauni la dukani
mtu ambaye gauni lake halijachanika.

"Kipya kinyemi," alisema mwenyekiti,
nusu ya pili ya methali akaimeza na chai.

Lwitiko akaipasua programu ya zamani
mstari kwa mstari, akiguna,
mara mojamoja akisifu.
Saa tisa, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, akaniita.
Katikati ya hesabu, kwa herufi kubwa:

USIGUSE HAPA. NITAELEZA NIKIRUDI.

Na chini yake amri moja:
mwanachama 317 asikatwe kilo ya gunia.

Hokororo ndiye aliyeiandika.
Alivuka Ruvuma kwa wiki mbili, akasema,
na kikombe chake tulikitunza hadi kikapotea.
Daftari la kwanza lililiwa na mchwa.
Kioo kinasema ANAFI MTOL, basi.
Mtolea? Mtolima? Korosho zake huja kwa baiskeli,
kila msimu inaendeshwa na mtoto mwingine.
Sijui kama ni wizi au ni deni.

"Mfumo mpya hauna pa kuweka kitu kama hiki,"
Lwitiko alisema, akakuna shingo.
"Labda kwenye maoni. Herufi mia."

Kwenye kikao nilinyoosha mkono: tubadilishe.
Utepe wa printa hauuzwi tena Mtwara nzima,
na mimi nikiugua, nani atajua
kwamba kabla ya kuwasha unapiga ubavuni, mara mbili,
si kwa nguvu?
Watu wakashangaa. Hata mimi.

Ila nimeomba msimu mmoja,
wakanipa, wakidhani ni woga wa uzee.
Baiskeli ikifika nitatoka nje ya dirisha,
nitamshika mtoto mkono, nimuulize
jina la mwenye korosho,
lote,
taratibu, ili niandike.