Kodi

Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi miwili.
Nyemo anadai kodi nne kabla ya Jumapili.

Ana miaka kumi na tisa huyu Nyemo,
mpiga kinanda wa kanisani, Nkuhungu,
na mimi, fundi mageti wa Kizota,
mwenye ncha za vidole zilizoungua mpaka hazisikii nyuzi,
namwita mwalimu.

Miaka ishirini nilijua kodi tatu.
Zilitosha: harusi, msiba, kipaimara.
Yeye akasikiliza, akatikisa kichwa:
"Unafika nyumbani mapema mno, mjomba.
Pitia ya pili. Kaa kwenye ya tano, teseka kidogo.
Ndipo uingie moja."

Mbili, tano, moja.
Nakata bomba la inchi na nusu,
mbili, tano,
cheche zinaruka, jirani analalamika,
moja.

Kidole cha mwisho hakifiki. Kimepinda
tangu geti la shule liliponiangukia Ihumwa.
Basi iache noti ya chini, anasema Nyemo,
besi ataishika mwingine, au isishikwe na mtu,
sikio litaijaza. Sikio linajua kudai.

Jana kanionyesha ya tano yenye saba, na tisa juu yake:
do, mi, soli, ile si iliyolegezwa, halafu re.
Nikapiga mara moja, nikalaza gitaa mapajani.
Hiyo naijua.
Hiyo ni ilimba ya baba, kule Mvumi,
vyuma vya mwavuli uliokufa, vimepondwa kwa nyundo,
usiku wa Juni, upepo, zizi likinuka mkojo wa ndama.
"Hii jazi yenu," nikamwambia,
"sisi tulilalia njaa nayo."
Alicheka mpaka akakohoa vumbi.
Kisha: "Haya. Sasa iondoe hapo. Ipeleke mahali."

Ndipo nisipojua.
Baba hakuipeleka popote,
aliizungusha tu mpaka jogoo,
na hakuna aliyemwambia hajafika.

Leo Jumamosi. Umeme umekatika tangu saa tatu,
mashine ya kuchomelea imelala kama mbwa wa mchana.
Ya pili, inakubali.
Ya tano, na saba yake, na tisa yake...
Mlango.
Namjua kwa kikohozi.
"Fundi! Nimefuata kodi."
Vidole vinauma. Sijibu, sisogei,
nashikilia ya tano
naye, huko nje, hagongi tena.
Anangoja.