Matundu ya Mkanda

Mpwapwa, mwezi wa nane. Vumbi limekaa juu ya cherehani
kama mteja asiye na haraka.
Chedego, mdogo wangu, ameleta bandani kwangu
fulana yake ya kuzuia risasi, bega limeachia mshono.
"Dada, tia uzi. Jumatatu tunapanda ndege."

Nimeshona kandambili, nimeshona hatamu za punda,
sijashona kitu kinachokataa sindano namna hii.
Shazia imevunjika mara mbili.
Ndani mna sahani. Nikaigonga kwa ukucha: kigae!
Naye akasema ndiyo, ni udongo uliochomwa
kupita moto wa mfinyanzi yeyote;
risasi ikija, wenyewe unapasuka
ili mtu asipasuke.

Nyuma yangu, msumarini, mkanda wa babu.
Ngozi imekauka, bizimu imeota kijani.
Alikwenda nao Burma, akashuka nao stesheni ya Gulwe,
akafungia nao kuni mpaka alipokufa.
Kiwanda kilitoboa matundu matano.
La sita, la saba, la nane
alitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto,
mvua ikinyesha, tumbo likirudi mgongoni.
Baba alikuwa akituhesabia kwa kidole:
hili njaa. Hili homa.
Hili, babu hakusema.

Na baba yake babu hakuachiwa hata mkanda.
Wadachi walimkamata Kilimatinde, wakampagaza
sanduku la risasi za ugomvi wa wengine.
Kati ya fuvu na sanduku, kata ya majani:
hiyo ndiyo kofia yake ya chuma.
Alirudi na upara wa duara katikati ya kichwa,
nywele hazikuota tena,
wakwe zake wakamwita Kisahani.

Baba, yeye alikwenda Kagera
na mifuko mitatu ya turubai kifuani, magazini zimejipanga,
vifungo vyake vijiti vya mbao.
Siku moja magazini ya kati ilirudi imekunjwa
kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe,
naye mzima, anakohoa tu.
Hakuna aliyeishona ile kuwa ngao.
Vijiti vile mama alikuja kuvishonea sweta zetu za shule;
kimoja nilikitafuna darasa la pili lote.

Tukaipeleka fulana kwa jirani, Nyamizi, muuza karanga,
tukaining'iniza kwenye mizani yake.
Kilo kumi na mbili. Ongeza kofia, ongeza maji,
ongeza redio, risasi, chakula cha siku mbili.
Thelathini na moja.
Nyamizi akacheka: "Gunia dogo hilo, lina miguu."
Sanduku la Kisahani, husimuliwa, lilikuwa ratili sitini.
Nikahesabu kwa chaki kwenye soli ya buti.
Mzigo umeshuka kichwani, umepanga begani,
umehamia kiunoni, sasa umejenga kifuani.
Umezunguka vyumba vyote vya mwili
na haujapunguza hata ratili moja.

Mama akaja na uji. Akamvalisha mwenyewe,
kama alivyomvalisha ile sweta.
Akapapasa mbele, akapapasa nyuma,
kisha akaingiza kidole chini ya kwapa,
pale kitambaa kinapokoma.
"Na hapa?"
"Hapo, mama, mkono lazima upate kupita."
Hakujibu. Kidole hakukitoa haraka.

Nikakata uzi kwa meno, nikaona kiunoni:
hakuna bizimu, hakuna tundu,
utepe tu wa kunata, unabanduka kwa kelele.
"Unashika popote," akasema Chedego, akaubandika, akaubandua.
"Ndiyo," nikasema, "lakini ukikonda huko,
sisi tutasoma wapi?"

Bei ilikuwa elfu mbili. Akatoa tano,
akaondoka kabla sijatafuta chenji.
Elfu tatu yake ipo kwenye kopo la nta.
Wateja wamekuja na noti kubwa
na sijaigusa.