Majibu ya Barua Yenu ya Tarehe Tisa

Barua yenu nimeipata: muhuri mzuri, karatasi nzito.
Mnaomba vijana kumi na wawili wa kuchomelea,
wenye mkono mtulivu, wasiotoboa bomba.
Nimeisomea dirishani, umeme ulikatika tangu saa tatu,
na dirisha letu la Katuba linatazama ule mlima mweusi,
makapi ya shaba waliyoyamwaga babu zetu
toroli kwa toroli,
wakaturithisha kivuli chake.

Vijana hao alikuwa akiwafunza Mwalimu Kalumba.
Mnamfahamu. Yuko kwenu Kolwezi.
Mlimchukua Februari, muhula haujafika nusu,
Jumanne, kwa gari lenye kiyoyozi.
Aliacha aproni yake ya ngozi kwenye msumari
na ubaoni maneno aliyoyakatia njiani:
*Chuma hakidanganyi, kinacho*

Kinacho nini? Sijui.
Wanafunzi wamekataa kufuta.

Simlaumu, hilo liandikeni mbele.
Miaka kumi na minne alifundisha,
sita ya mwanzo bila namba ya serikali,
yaani bila mshahara,
yaani alikula michango ya wazazi wauza mkaa.
Faili lake lilipanda ndege mara tatu kwenda Kinshasa;
yeye mwenyewe hajapanda hata moja.
Ninyi mkampa mara nane ya kile alichokipata.
Mimi nilimpa nini? Kiti chenye mgongo.
Nikamwambia: ualimu ni wito.
Akacheka, akasema, "Perefe,
wito hauchemshi maji ya bukari."

Anayetaka unga haibi kinu.
Ninyi mmebeba kinu, mchi, na mtwangaji,
leo mnabisha hodi na ungo mtupu.

Nilitangaza nafasi. Alikuja mmoja,
diploma mbili, glavu mpya, anaogopa cheche.
Akaja wa pili, fundi wa kweli,
akaniuliza choo kiko wapi na mshahara uko wapi.
Niliweza kujibu swali moja.

Kisha nikamwona Mujinga.
(Mliotoka mbali msicheke. Kwetu ni jina
la aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo.)
Anatengeneza milango kando ya barabara ya Kasenga,
waya wa mashine umemzunguka bega vilevile.
Aliwahi kukaa dawati la mbele kwa Kalumba
hadi ada ilipomtoa, mwaka wa tano.
Nilisimama nyuma yake nikatazama mshono:
umelala juu ya chuma kama magamba ya samaki,
kila gamba limeegemea mwenzake.
Pembeni kitoto kimoja kimeshika kinga ya uso,
naye anakiambia polepole,
"Usitazame mwali. Tazama dimbwi,
dimbwi dogo lililo nyuma ya mwali."

Nikajisemea: huyu tayari ni mwalimu,
aliyebaki nyuma ni serikali.

Inspekta amekataa mara mbili. Nimeandika ya tatu.
Kwa sasa anakuja Jumatano na Ijumaa;
wanafunzi wanamsaidia milango yake, anauza, tunagawana.
Si mshahara. Nalijua hilo usiku kuliko mchana.

Basi, kumi na wawili sina. Ninao saba,
nao si wa mwaka huu.
Mkiwataka, nirudishieni Kalumba siku mbili kila mwezi,
nauli na posho juu yenu,
aje na vipande vya bomba mnavyovitupa.
Na aje amalizie ile sentensi.
Chaki ipo.

Jambo la mwisho.
Lile gari lenye kiyoyozi
juzi lilipunguza mwendo barabara ya Kasenga,
likashusha kioo mbele ya milango inayouzwa.

Nimeliona.