Kinywa Kisicho na Miguu

Chumba cha pili, ghorofani, hospitali ya Wete:
meza, waya tatu, miwani mizito kama nazi mbili.
Naivaa. Wete inazimika.
Kinakuja kinywa, kinaelea gizani,
kipana kama mlango wa ghala,
meno thelathini na mawili, hapana mate,
hapana harufu, hapana mtu.

"Gego la juu, la kwanza, kulia," sauti inasema,
sauti ya kike isiyopata kukohoa tangu izaliwe.
Nashika keekee. Mkono unatetemeka
kana kwamba kweli nasaga mfupa.
Nafungua paa la jino, natafuta mifereji.
Mitatu hujitokeza yenyewe, kama watoto walioitiwa ubwabwa.
Wa nne hujificha,
mwembamba kuliko uzi wa kushonea kofia,
nyuma ya ukuta unaoapa kwamba hapana kitu.

Mara ya kwanza nikatoboa ubavu wa mzizi.
Kinywa kizima kikawa chekundu. Umetoboa. Anza upya.
Mara ya tano tupa ikanivunjikia ndani.
Anza upya.
Mara ya tisa nimeufikia, naapa nimeufikia,
umeme ukakatika.
Nilimlaani nani, sijui.

Daktari Mkasi kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai:
"Huyo hafi, Raya. Kosa la humo halina jeraha.
Lakini hebu nambie, miguu yake iko wapi?"
Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Mara ya kumi na nne nikaupata.
Asilimia tisini na sita! Nikaitangaza mpaka jikoni kwa mama,
naye, mwiko mkononi, akauliza:
"Na huyo mgonjwa, kapona?"

Jumanne akaja Kombo Shaame, mpika halua wa Limbani.
Shavu limevimba, karafuu kaibana juu ya gego,
samli na iliki zimemganda shatini.
"Ling'oe. Lishanchosha."
"Hatung'oi kinachoweza kukaa," nikasema,
kwa sauti ya yule asiyekohoa.

Ganzi. Mpira. Taa.
Kinywa hiki kina ulimi uendao utakako,
mate yanayopanda kama maji ya bamvua.
Kinameza. Kina Bismillahi ndani yake.
Mikono ikaijua njia: kushoto kidogo, usisukume,
ngoja, sikiliza kwa ncha ya vidole.
Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.
Nikauchungulia ukuta ule mwongo,
rangi ya maziwa, kisha nukta,
nyeusi, ndogo kama jicho la dagaa.
Nikaingiza tupa nyembamba kuliko zote.

Kimya. Hakulalamika.
Atalalamikaje, na mdomo umejaa vyuma?
Hapo swali la chai likanirudia.
Nikainua macho, nikatazama mwisho wa kiti:
vidole vya miguu vimejikunja, vimekazwa hadi vimepauka,
kandambili moja iko sakafuni.

Nikaitoa tupa. Nikaongeza ganzi. Nikangoja,
bila sauti ya kunambia ningoje.
Vidole vikafunguka, kimoja, kimoja,
kile cha gumba mwisho kabisa,
kama mtu anayehesabu chenji yake mara ya pili.

"Tuendelee?"

Akanijibu kwa mguu.