Hodi ya Chavua

Saa mbili na nusu asubuhi, Naliendele.
Umande haujakauka kwenye majani ya mikorosho,
nami nimeshika kibanio kama anayemtoa mwiba
mtoto asiyetaka kulia mbele ya wenzake.

Ua la mkorosho halifiki ukucha wa kidole cha mwisho.
Likizaliwa jeupe, likichoka jekundu.
Stameni yake moja ndefu, yenye majivuno,
naing'oa kabla haijapasuka,
kisha nalivika ua kifuko cha karatasi
na kuandika kwa penseli: mama, mti wa kumi na saba;
baba, bado.

Baba huja kabla ya saa tano, ndani ya kisahani cha kioo,
kutoka shamba lililo ng'ambo ya barabara ya Newala.
Namgusisha. Basi.
Thelathini na moja leo, na shingo imekakamaa.

Bi Nandonde wa maabara aliniita nichungulie.
"Fumba jicho hilo. Hilo jingine, Nachingulu! Umeona?"
Niliona punje imetua mlangoni pa ua.
Akasema inabisha hodi.
Ua halina mdomo wa kuuliza nani,
lina protini, zimejipanga kwenye ngozi yake,
na punje nayo imekuja imejipaka zake.
Hayasemwi maneno. Ni umbo kuingia katika umbo,
kama mpini aliouchonga babu
unavyolikataa jembe la dukani.

Chavua ya ufuta, ya mtama, ya majani ya kando ya reli iliyong'olewa,
zote hupeperushwa hapa.
Hukaa barazani mpaka zikauke.
Hakuna anayezipa maji.

Na anayetambuliwa hupewa maji.
Hivyo tu, kama kwetu: kwanza maji.
Punje hunywa, huvimba, hutoa mrija mwembamba
unaoshuka gizani bila taa,
ukiongozwa na harufu ya protini nyingine, na nyingine,
kila mlango na mlinzi wake,
kila mlinzi na swali lake.

Nikamuuliza: na chavua ya mti uleule?
Hiyo si ndiyo ingejulikana kuliko zote?
Bi Nandonde akafuta kioo cha darubini kwa pindo la kanga.
"Kuna mimea humfukuza ndugu palepale mlangoni," akasema.
"Baadhi ya hii mikorosho yetu ina haya.
Humkaribisha, humpitisha mpaka chumba cha ndani,
halafu ua linaanguka."

Sikumwambia kuhusu Kitangari.
Mjomba na mimi, kuku wawili, shati la kuazima.
Tulipewa maji. Tulipewa ugali na kisamvu cha karanga,
na Somoe alipita mara mbili uani, hakutazama.
Ndipo bibi yake akauliza, akinawa mikono:
"Kwani mama yako wa ukoo gani?"
Mjomba akautaja kwa fahari.
Bibi akaacha kunawa.
Maji yaliendelea kutiririka kwenye beseni.
"Basi huyu ni kaka yake," alisema,
na kuku wetu wakarudi nasi, wamefungwa miguu, wakiwa hai.

Wiki ya tatu, nafungua vifuko.
Ubwiriunga umekula tisa, salfa ilichelewa.
Kumi na vitatu vina korosho changa, za kijani,
zimejikunja kama sikio la mtoto mchanga.
Kwenye mti wa kumi na saba, ambao baba yake
nilikuja kugundua ni tawi la kupandikizwa
kutoka mti huohuo wa kumi na saba,
vifuko vyote ni vikonyo vitupu.

Fomu ina safu ya tarehe, safu ya idadi, safu ya saini.
Sababu haina safu.
Nikaandika pembeni: walikuwa ndugu.
Bi Nandonde akasoma, akaguna,
akafuta taratibu, asiichane karatasi,
akaandika: haijathibitishwa. Rudia Julai.