Pambizoni mwa Daftari la Tatu

Fomu ya ridhaa ina kurasa nne.
Wilf Hetherington aliisoma yote, kidole kikitangulia macho,
akauliza kama nimeiandika mimi
au wameiandika watu wanaoogopa mahakama.
Watu, nikasema.
Akatia sahihi kwa penseli: nikighairi, nifute.

Mji ulikuwa wa makaa. Shimo limezibwa,
gurudumu lake limesimikwa kwenye kipilefti, rangi nyekundu,
na wachimbaji, wazee sasa, mapafu yanapiga mluzi,
wanachimba shubiri moja tu ya ardhi ya Northumberland
waoteshe liki nene kama paja la mtoto,
za kushindaniwa Septemba, si za kula.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu Wilf, asiyejua neno la Kiswahili, akanipa jembe.
Chuoni jambo hili lina jina refu, uchunguzi shirikishi,
na mhadhara wa saa mbili.
Mama hakulipa jina. Alikuwa akiniita tu:
"Wewe, unasubiri kualikwa?"

Nikawaambia kwetu Singida tunalima vitunguu.
Kibanda kizima kimya; mtu akazima redio.
Vitunguu! Kumbe ni ndugu.
Tangu siku ile nina jina, Binti wa Vitunguu,
na Enid Stobbs, katibu wa klabu, hunimiminia chai kabla ya wanaume.

Juni nikashikishwa koleo la kupimia, chuma baridi, meno mawili.
Nililijua. Babu alinisimulia:
alikuja Mzungu na kitu kama hicho,
akawapanga mstari, akawabana paji la uso hadi kisogo,
akaandika, akagawa chumvi, akaondoka.
Babu alikuwa na miaka saba. Hakuambiwa namba yake ilikuwa ngapi,
na hadi uzeeni hilo lilimkera kuliko ubaridi wa chuma.
"Taratibu," Wilf akaniambia, "usiikwaruze ngozi."
Nikaipima liki taratibu.

Dawa ya liki hukaa ndani ya pipa la bluu, na pipa lina kufuli.
Miezi tisa sikuuliza. Nilijifunza kulizunguka swali
kama kuku anavyozunguka mtama ulioanikwa.
Siku aliyonitajia, kalamu yangu ilikuwa katikati ya neno
aliposema, "Hilo lisifike chuoni."
Herufi nne zipo hadi leo, zimekatwa mkia.
Msimamizi ameuliza ni nini.
Nimemjibu: mwandiko mbaya.

Usiku wa mwisho tulilinda bustani, maana wivu una visu.
Saa nane, tochi magotini, akanifungulia daftari,
la kwake, lenye madoa ya udongo,
miaka thelathini ya mvua na inchi.

    Agosti 9. Mawingu. Ya tatu imeongeza robo.
    Agosti 10. Jua kidogo. Binti kaja bila glavu.
    Agosti 11. Binti hajauliza swali hata moja. Nadhani kwao kuna msiba.

Agosti 11 ndiyo siku Babu alizikwa.
Sikumwambia mtu. Nilipalilia, nikaenda zangu.
Katika daftari langu tarehe hiyo pana sentensi moja:
"Hakuna cha kuandika."

"Na fomu yangu ya ridhaa iko wapi?" nikamwuliza.
Akacheka hadi akakohoa, akanipa penseli.

Jumamosi, ukumbini, tulipata nafasi ya nne.
Nausoma tena mstari huo: tulipata.
Silabi moja, tu, imejipenyeza mbele ya kitenzi
bila kubisha hodi.
Kifutio ninacho.